Kwa Nini Asirudi Kwao? Namna ya Kuwasoma Wanawake wa Asia Kusini katika Riwaya za Ughaibuni

Kila ninapojadili na wasomaji wenzangu riwaya zinazowahusu wanawake wa Kihindi, Kipakistani au Kibangladeshi waliohamia Ulaya na Amerika, swali moja haliachi kujitokeza: kama anateseka kiasi hicho, kwa nini asirudi kwao? Wapo wanaoliuliza kwa huruma na wapo wanaoliuliza kwa sababu wamemchoka mhusika, lakini karibu wote huwa na jibu tayari, nalo ni kwamba mila zao ndizo zinazowafunga. Jibu hilo linaninyima raha. Mila zimo katika vitabu hivyo, hakuna anayekataa, lakini mna pia viza, leseni ya udereva, mshahara, mlango wa fleti na lugha ya mtaani, na waandishi hawa wanavieleza vitu hivyo kwa makini kuliko sisi tunavyovisoma. Tukiishia kwenye mila tu, tunakuwa tumefunga kitabu katikati.

Maneno kwanza

Asia Kusini ni eneo lenye nchi za India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal, Bhutan na Maldivi. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea neno moja, Mhindi, tunalomvisha kila mtu mwenye asili ya huko, ingawa hata katika miji yetu tunajua vizuri kumtofautisha Mwismailia na Mbohora, Kalasinga na Banyani. Msomaji anapaswa kuingia kitabuni na macho hayo ya kutofautisha. Ashima, mhusika wa riwaya ya Jhumpa Lahiri iitwayo The Namesake, iliyotoka mwaka 2003, ni Mhindu kutoka Calcutta. Nazneen, mhusika mkuu wa Brick Lane ya Monica Ali, iliyotoka mwaka huohuo, ni Mwislamu kutoka kijijini Bangladesh. Wote wawili wanazungumza Kibengali na wangeweza kuelewana jikoni, lakini mmoja amemfuata mume msomi karibu na Boston, na mwingine ameletwa katika fleti za halmashauri mashariki mwa London. Dini, tabaka na pasipoti vinawatenganisha zaidi ya vile lugha inavyowaunganisha.

Neno diaspora lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kutawanyika, kama mbegu zinavyotupwa shambani. Redioni kwetu neno hilo limekuja kumaanisha ndugu walioko nje wanaotuma fedha nyumbani. Katika fasihi lina maana pana kidogo: ni watu wanaoishi mahali pamoja huku vipimo vyao vya kizuri, cha aibu, cha kitamu na cha haki vikiwa vimebaki mahali pengine. Vipimo hivyo hurithiwa, ndiyo maana tunasikia habari za kizazi cha kwanza, yaani waliohama wenyewe, na kizazi cha pili, yaani watoto waliozaliwa au kukulia ugenini, ambao hudaiwa uaminifu kwa nchi waliyoiona likizoni tu.

Liko neno jingine linalotupotosha zaidi, nalo ni mahari. Katika Uswahili mahari hutoka upande wa mwanamume na ni haki ya mke. Katika jamii nyingi za Asia Kusini kuna malipo yanayokwenda upande wa pili: wazazi wa binti huwapa wakwe fedha, dhahabu, vyombo na samani. India desturi hiyo, iitwayo dahej, imepigwa marufuku kisheria tangu mwaka 1961, lakini haijakoma. Miongoni mwa Waislamu wa Pakistan na Bangladesh mahari kama tunayoijua sisi ipo, na mara nyingi malipo yale mengine huambatana nayo. Mtu akisimulia riwaya hizi kwa Kiswahili na kutumia neno mahari bila maelezo, msomaji wa Mombasa ataelewa kinyume: atadhani binti amelipiwa, kumbe baba yake ndiye aliyejifunga madeni.

Vilevile tusichanganye ndoa ya kupangwa na ndoa ya kulazimishwa. Ya kupangwa ni jamaa kutafuta na kupendekeza, na wahusika wakaridhia au wakakataa. Posa zetu nyingi zimekwenda hivyo. Ya kulazimishwa haina ridhaa, na katika Uingereza na Wales kumlazimisha mtu aolewe au aoe ni kosa la jinai tangu mwaka 2014. Katikati ya hizo mbili kuna eneo ambalo sheria hailifikii kwa urahisi, la msichana ambaye hakulazimishwa na mtu yeyote ila amelelewa tangu utotoni asijue kukataa. Waandishi wa riwaya hufanya kazi yao kubwa hapo, kwa sababu hapo ndipo hakuna wa kumnyooshea kidole moja kwa moja.

Na si kila kinachoonekana kigeni ni mateso. Kwa mfano, Ashima hamtaji mumewe kwa jina. Nimewahi kusikia jambo hilo likitolewa kama ushahidi wa ukandamizaji, na aliyelitoa ni mtu ambaye mama yake mzazi amemwita mumewe Baba Fulani maisha yake yote, wala hakuna aliyemhurumia.

Kisu kinachokaliwa chini

Hadithi fupi ya Lahiri iitwayo Mrs. Sen's imo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1999, Interpreter of Maladies, uliopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Bibi Sen ni mke wa mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu nchini Marekani. Mchana humwangalia mvulana wa Kimarekani wa miaka kumi na mmoja, Eliot, mpaka mama yake atoke kazini. Mkasa karibu wote unaonekana kwa macho ya mtoto huyo, na kitu cha kwanza kinachomvutia ni kisu.

Si kisu cha kushika mkononi. Ni chuma kilichopinda, kimesimama juu ya ubao mwembamba, na mkataji hukaa chini sakafuni na kuubana ubao kwa mguu. Msomaji aliyewahi kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi ataipata picha hiyo mara moja, kwa sababu hapo pia chuma hakiendi kwenye chakula. Chakula ndicho kinachopelekwa kwenye chuma, na mikono huzoea mwendo ule mpaka macho yanaweza kutazama kwingine. Bibi Sen hutandika magazeti sakafuni na kukata mboga kila siku namna hiyo, nyingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula.

Halafu anamweleza mtoto kisu kile kinatoka wapi. Kwao, ikiwapo harusi, mama yake hutuma ujumbe jioni kwa wanawake wa mtaa, kila mmoja aje na kisu chake, nao hukaa duara kubwa juu ya paa la nyumba wakikata mboga kilo hamsini usiku kucha, wakicheka na kupiga soga. Sisi tunaujua usiku huo. Ni usiku wa kuamkia shughuli, masufuria yamepangwa uani, vitunguu vinamenywa kwa magunia, na habari zote za mtaa zinapitishwa na kusahihishwa kabla ya alfajiri. Anasema usiku kama huo usingizi ulikuwa hauji kwa sababu ya kelele. Hapa alipoletwa na mumewe, hauji kwa sababu ya ukimya. Kisha anamuuliza mtoto jambo ambalo mtoto hakulitarajia: kama angepiga ukelele kwa nguvu zake zote, je, yuko mtu angekuja? Eliot anafikiri, na kwa ukweli wa kitoto anaona kwamba huenda mtu angepiga simu, lakini pengine kulalamika kwamba kuna kelele.

Ukimwambia msomaji kwamba Bibi Sen ameukosa utamaduni wake, utakuwa umesema jambo la kweli lisilo na umbo. Lahiri amesema wazi zaidi: mwanamke huyu amekosa majirani watakaosikia ukelele. Jamii ya wanawake iliyokuwa ikikaa duara imebaki mtu mmoja na magazeti sakafuni. Hapo hakuna mume katili, hakuna mkwe mbaya, hakuna mila ya kulaumiwa. Kuna ramani ya mji uliojengwa kwa ajili ya watu wenye magari, na mwanamke asiyejua kuendesha.

Ndiyo sababu samaki ni jambo kubwa katika hadithi hii. Bibi Sen ametoka mahali ambapo samaki mbichi ni chakula cha kila siku, kama ilivyo kwa mtu wa pwani yeyote. Soko la samaki liko mbali na mume ana kazi. Siku moja anapanda basi pamoja na Eliot, na wakirudi na mfuko wao dereva anataka kujua ndani mna nini na kuwaambia wafungue dirisha. Siku nyingine anaamua kuendesha mwenyewe, bila leseni, kwa ajili ya samaki tu, akaigonga nguzo. Hawakuumia sana. Lakini mama yake Eliot hamleti tena, na hivyo ile kazi ndogo, na yule mtoto ambaye alikuwa msikilizaji wake pekee, vinaondoka kwa siku moja. Kitu kingine ambacho ni rahisi kukipita: mpaka mwisho hatuambiwi jina lake la kuzaliwa. Tunalo jina la mumewe tu.

Wanaosema fasihi hii imejaa viungo na mapishi kwa ajili ya kuwafurahisha wageni wana hoja kwa baadhi ya vitabu. Yapo majalada mengi mno yenye maembe na pindo za sari. Lakini kwa mwandishi anayejua kazi yake chakula ni namna ya kupima umbali, na umbali huo hupimwa kwa nauli, kwa saa na kwa nani ana ufunguo wa gari.

Mke anayeishi ndani ya karatasi ya mumewe

Tuje kwenye karatasi, maana huku ndiko jibu la swali letu lilikojificha. Wanawake wengi wa vitabu hivi hawakuhama kama wafanyakazi. Mwaka 1965 Marekani ilibadili sheria yake ya uhamiaji na kuwafungulia mlango watu wa Asia wenye ujuzi, pamoja na jamaa zao. Wahandisi, madaktari na wanasayansi wakaingia, na wake zao wakaingia kama wake zao. Miongo iliyofuata ikaleta viza ya kazi kwa wataalamu, na mwenzi wa mwenye viza hiyo akapewa ya kwake iliyomruhusu kuishi lakini si kufanya kazi. Ni mwaka 2015 tu ambapo baadhi ya wenzi hao waliruhusiwa kuajiriwa. Fikiria mwanamke mwenye shahada yake, ambaye kisheria hawezi kulipwa hata senti moja, na ambaye akiachika, ruhusa yake ya kuwapo nchini inaondoka pamoja na ndoa.

Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji maelezo marefu kuhusu hali hiyo. Tumesikia vya kutosha habari za mabinti waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, pasipoti zikakaa kwa mwajiri. Hakuna anayewauliza mabinti hao kama ni mila yao iliyowazuia kuondoka. Tunajua kilichowazuia ni nini. Tofauti ni kwamba mke wa mhandisi anaishi katika nyumba nzuri yenye zulia, na zulia hilo linatuficha jambo lenyewe.

Uingereza nayo ina historia yake. Mwaka 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba mwanamke wa Kihindi wa miaka 35, aliyefika uwanja wa ndege wa Heathrow ili aolewe, alikaguliwa mwili na daktari kwa agizo la maofisa wa uhamiaji waliotaka kujua kama ni bikira. Kwa kanuni za wakati huo mchumba hakuhitaji viza ilhali mke aliihitaji, na maofisa walidhani kwamba mchumba wa kweli kutoka Asia Kusini lazima awe bikira. Kashfa ilipolipuka ukaguzi huo ulisimamishwa. Naomba msomaji alitazame tukio hilo vizuri: dhana kuhusu mila ya Wahindi ilitumiwa na dola ya kigeni kumvua mwanamke stara yake mlangoni. Kila mara tunapofikiri kwamba mwanamke huyu anatoka kwenye mila na kuingia kwenye uhuru, inafaa tukumbuke ni nani alikuwa amesimama pale mlangoni.

Dada wawili na cherehani

Nazneen, yule wa Brick Lane, anaolewa akiwa na miaka kumi na minane na kuletwa London mwaka 1985 kwa Chanu, mwanamume wa miaka arobaini. Kiingereza chake ni maneno ya kuomba radhi na ya kushukuru, basi. Katika tukio moja ambalo mimi hulirudia mara kwa mara, anatoka peke yake, anatembea mpaka anapotea, na mtu asiyemfahamu anamsemesha. Anajibu kwa neno lake la kuomba radhi, mtu yule anatikisa kichwa, anaondoka. Hakuna zaidi. Lakini Nazneen anarudi nyumbani akijua kwamba amezungumza na mgeni kwa Kiingereza na ameeleweka. Mtu aliyewahi kuishi mahali asipojua lugha anajua kwamba siku kama hiyo haisahauliki.

Chanu ni mhusika anayesomwa vibaya. Msomaji mwenye haraka anamsubiri awe mume katili, naye hawi. Hampigi mkewe. Ni mtu wa maneno mengi, mwenye vyeti vingi alivyovipanga ukutani, anayengoja cheo kisichokuja, na mwishowe anaendesha teksi. Namwona kama mtu aliyeumizwa na nchi ileile, ila yeye amepewa mtu mmoja wa kumtawala, naye ni mkewe.

Wakati huohuo barua zinamfikia Nazneen kutoka Dhaka, za dada yake Hasina, aliyetoroka na mwanamume aliyempenda. Hapa ndipo Monica Ali anapolivunja lile jibu rahisi. Ndoa ya mapenzi ya Hasina inavunjika kwa kipigo. Anafanya kazi katika kiwanda cha nguo, anafukuzwa kwa kashfa, na maisha yanazidi kuporomoka. Nazneen aliyeozeshwa ana paa juu ya kichwa. Hasina aliyechagua hana. Aliyebaki nyumbani hakupona kwa sababu ya kubaki. Na wote wawili wanashona: mmoja kiwandani Dhaka, mwingine nyumbani London kwa malipo ya kipande kwa kipande, katika biashara ileile ya nguo inayoizunguka dunia. Cherehani ya Nazneen ndiyo inayomletea fedha yake ya kwanza, na ndiyo inayomleta Karim, kijana mleta kazi, mlangoni kwake. Mwishoni anamkataa Karim aliyetaka kumuoa, na anamwacha Chanu arudi Dhaka peke yake. Anabaki London na mabinti zake wawili na anaendelea kushona pamoja na rafiki yake Razia. Anayesema aliokolewa na mapenzi hajasoma hesabu zake za fedha.

Je, Magharibi ndiyo inayokomboa?

Jasmine ya Bharati Mukherjee, ya mwaka 1989, ndiyo riwaya inayotajwa zaidi na wanaojibu ndiyo. Mukherjee alizaliwa Calcutta mwaka 1940, akaishi Kanada, kisha akahamia Marekani mwaka 1980, na alipenda kuitwa mwandishi wa Kimarekani bila kiambatisho chochote cha asili. Mhusika wake anazaliwa Jyoti katika kijiji cha Punjab, anakuwa Jasmine, kisha Jase, kisha Jane, na mwisho anaelekea California. Riwaya ina nguvu, lakini nadhani wahakiki waliosema inaipamba Marekani kupita kiasi wana haki kwa sehemu. Tazama majina: Jasmine alipewa na mumewe Prakash, Jase na Taylor, Jane na Bud. Kila nyumba mpya ina mwanamume anayembatiza. Na usiku wake wa kwanza katika nchi ya uhuru anabakwa na mtu aliyemsafirisha. Kama huo ni ukombozi, basi una gharama ambazo kitabu chenyewe hakizifichi.

Chitra Banerjee Divakaruni analishughulikia jambo hilo kwa sauti ya chini zaidi. Katika hadithi yake Clothes, iliyomo katika mkusanyiko Arranged Marriage wa mwaka 1995, Sumita anaolewa kwa kupangwa na mwanamume mwema, Somesh, anayefanya kazi dukani usiku. Wanaishi na wakwe, hivyo suruali ya jinzi aliyonunuliwa na mumewe huivaa chumbani tu, mlango umefungwa. Somesh anauawa dukani na mwizi. Wakwe wanatarajia kurudi naye India, avae sari nyeupe ya ujane na kuwahudumia. Eda tunayoijua sisi ni miezi minne na siku kumi, kisha mwanamke huendelea na maisha yake. Weupe ule kwa desturi haukuwa na siku ya mwisho. Sumita anaamua kubaki. Anabaki kwa sababu kurudi kwake kungekuwa kurudi kwa wakwe, si kwa mama yake. Kwa hiyo swali la kwa nini asirudi kwao lina mtego ndani yake, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa amekwisha kuambiwa kwamba kwao si kwao tena. Divakaruni aliyajua mambo haya nje ya fasihi pia: mwaka 1991 alishirikiana na wenzake kuanzisha Maitri, shirika la eneo la San Francisco linalowasaidia wanawake wa Asia Kusini wanaonyanyaswa majumbani.

Hata hivyo riwaya si ushahidi wa mahakamani. Mwaka 2006, filamu ya Brick Lane ilipokuwa ikitengenezwa, baadhi ya wakazi wenye asili ya Sylhet, eneo la Bangladesh, waliandamana wakisema kitabu kimewadhalilisha, na upigaji picha ukahamishwa kutoka Brick Lane, mtaa wa London uliokipa kitabu jina lake. Ni rahisi kuwacheka wasiopenda kitabu, na mimi siwacheki. Mwingereza akiandika juu ya mume mpumbavu, wasomaji huona mume mpumbavu. Mbangladeshi akiandika hivyo, wasomaji huona Bangladesh nzima. Mzigo huo haukuwekwa na mwandishi, wala haukuwekwa na waandamanaji. Umewekwa na wasomaji wanaosoma kitabu kimoja na kujiona wameijua jamii.

Waliopitia kwetu

Baadhi ya wanawake hawa walipita hapa. Wataalamu huwaita wahamiaji wa mara mbili: familia zilizotoka Gujarat au Punjab zikaja Afrika Mashariki, kisha zikaondoka tena. Mwaka 1968 Uingereza ilitunga sheria kwa siku chache tu ili kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza wasiingie kwa wingi; walikuwa na kitabu cha malkia mkononi na mlango wake ukawa mgumu kufunguka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na zaidi ya 27,000 wakaishia Uingereza. Miongoni mwa wanawake waliofika kwa njia ya Afrika Mashariki alikuwamo Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania, ambaye mwaka 1976 aliongoza wenzake kutoka kazini katika kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, London. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili, wanawake wenye sari wakisimama langoni katika baridi, na ulimalizika bila kupata walichodai. Mtu akikwambia mwanamke huyu ni mnyonge kwa asili, mtajie jina hilo.

Kwa fasihi ya njia hii nampendekeza M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam kabla ya kuhamia Kanada. Katika The Gunny Sack ya mwaka 1989, anayeitunza historia ya ukoo ni mwanamke, Ji Bai, na anaitunza ndani ya gunia. Lakini mwanzoni kabisa mwa ukoo huo yuko mwanamke mwingine, Bibi Taratibu, mtumwa wa Kiafrika aliyepewa mfanyabiashara Dhanji Govindji na kumzalia mtoto wa kiume, kisha akawekwa kando alipokuja mke halali. Riwaya nyingi za wahamiaji huwaacha wanawake wa Kiafrika pembezoni, wakiwa yaya na wapishi wasio na majina. Vassanji amempa huyu jina na nafasi ya shina. Nasema hivi bila kulaumu kwa jumla, ila msomaji wa huku ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ile inayokumbukwa kwa machozi Toronto au Leicester.

Mkoba wa Ashima

Kwa kizazi cha pili swali letu linageuka kichekesho kichungu, kwa kuwa kwao ni palepale. Home Fire ya Kamila Shamsie, ya mwaka 2017, inaanza na Isma, Mwingereza mwenye asili ya Pakistan, akihojiwa uwanja wa ndege wa London kwa muda mrefu mpaka ndege yake ya kwenda Marekani inaondoka bila yeye. Amezaliwa London, pasipoti yake ni ya Uingereza, na bado anatakiwa athibitishe Uingereza wake kwa maswali.

Ndiyo maana nimrudie Ashima. Mwanzoni mwa The Namesake, mwaka 1968, yuko jikoni Massachusetts, mjamzito, akichanganya nafaka za dukani, karanga na vitunguu ili apate ladha ya kitafunio cha vibarazani Calcutta, na mafuta ya haradali hayapo. Anatamani kurudi, wala hawezi. Zaidi ya miaka thelathini baadaye mumewe amefariki, watoto wamekua, nyumba imeuzwa, na anaamua kukaa miezi sita India na miezi sita Marekani. Jina lake maana yake ni asiye na mpaka. Lahiri hakutuachia maana ya jina peke yake. Anatuonyesha pia kilichomo ndani ya mkoba. Safari hii anakwenda India na pasipoti ya Marekani, na katika pochi yake imebaki leseni ya udereva ya Massachusetts.